Nafasi Chini ya Bismillahi

Kama kuna mtu aliyekuwa na mkono wa birika katika kusifu, basi ni yule mzee waliyemwita Bwana Nukta. Chakula chake angekugawia, koti lake angelivua akuvishe wewe, lakini neno "vizuri" lilikuwa halimtoki ng'o. Mwanafunzi amekaa wiki nzima juu ya herufi moja, mgongo umempinda, vidole vimemfa ganzi, anakuja na karatasi yake kwa adabu zote. Mzee anaivuta karibu na dirisha, anaitazama, anakunja uso, halafu anasema, "Alifu yako imelewa. Ipeleke ikalale." Basi, umekwisha. Chukua karatasi yako ukaanze upya.

Jina lenyewe alilipata kwa haki. Alikuwa fundi wa hati za Kiarabu, mmoja wa wale wanaoandika aya na dua kwa kalamu ya tete zikatundikwa misikitini na kwenye kuta za watu. Mafundi hao herufi hawaipimi kwa rula. Kalamu inachovywa kwenye wino, inakandamizwa mara moja karatasini, inatoka nukta ya pembe nne, na kwa nukta hiyo hupimwa kila kitu: urefu wa alifu, tumbo la nuni, mwendo kutoka herufi moja hadi nyingine. Mzee akazoea mpaka akawa anaipima dunia nzima hivyo hivyo. Chai ikijazwa sana, imezidi nukta. Mgeni akikaa kupita kiasi, anamnong'oneza mkewe, "Huyu kapitiliza nukta mbili," na mkewe anamfinya mguu chini ya meza.

Watoto wao walikuwa wawili. Mkubwa wa kiume, ambaye sasa kila mtu alimwita Kaka Mabango kwa sababu alikuwa na duka la kuchapa mabango kwa mashine. Mdogo wa kike, kitinda mimba, ambaye baba alimwita Kitinda tangu akiwa mchanga na jina likamganda mpaka utu uzima. Mama yao alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Hadithi hii ni ya Kitinda, na nasema mapema kabisa, anayetaka hadithi ya kufurahisha aende akatafute kwingine.

Kitinda alijifunza hati kwa baba yake tangu hajafika kimo cha meza. Chumba cha kazi kilikuwa nyuma ya nyumba, dirisha likiwa upande wa kushoto ili kivuli cha mkono kisiangukie mstari. Palikuwa na meza fupi, kidau cha shaba chenye nyuzi za hariri ndani ili kalamu isinywe wino kwa pupa, kibao cha mfupa cha kukatia ncha, na kamba iliyotoka ukuta hadi ukuta, karatasi zimeanikwa juu yake kama nguo za mtoto. Maana karatasi ya kazi ile si ya dukani hivi hivi. Inapakwa wanga, inapakwa ute wa yai, inakaushwa, kisha inasuguliwa kwa jiwe laini mpaka inateleza. Wino ukiwekwa juu yake hauzami. Unakaa juu juu, na kabla haujakauka sawasawa unaweza kuufuta kwa ncha ya ulimi, pasibaki hata doa. Ndiyo, kwa ulimi! Wino ni masizi na gundi tu, haumuui mtu. Mafundi wa kazi hii makosa yao huyala wenyewe.

Na hapo ndipo baba alipomweza Kitinda. Kila jioni, kabla ya kuosha kalamu, alimwambia, "Toa ulimi." Binti anautoa. Mzee anauchungulia kama daktari. "Mweusi mpaka kooni. Leo umeshiba, usiombe chakula." Wanacheka wote wawili, na mama kule jikoni anapiga kelele kwamba mtoto atakuja kuolewa na ulimi wa shetani.

Kuolewa aliolewa, na kuachika akaachika, akarudi nyumbani kwa baba na kalamu zake kwenye mfuko wa nguo. Hilo halikumsumbua sana. Lililomsumbua lilikuwa jingine, na ili ulielewe lazima ujue sheria ya kazi ile. Mwanafunzi hatii jina lake kwenye kazi yake, hata awe hodari namna gani. Akifikiri ameiva, anachukua kazi bora kuliko zote za mwalimu wake, anainakili herufi kwa herufi, nukta kwa nukta, na chini yake anaacha nafasi tupu. Mwalimu akiridhika, anaandika pale kwa mkono wake kwamba nimemruhusu huyu kutia jina lake. Hiyo ndiyo ruhusa. Ukiipata, wewe ni fundi. Usipoipata, wewe ni mwanafunzi mpaka unaingia kaburini. Na inatoka kwa mkono uliokufundisha, si kwa mwingine.

Basi kazi za Kitinda zilitoka nyumbani mle moja baada ya nyingine bila jina, kama watoto wasiojulikana baba yao. Watu wakizitazama wanasema hizi za mzee. Naye anajikaza, anatabasamu, anawaletea chai. Siku nyingine aliingia chumbani kwake, akafunga mlango, akalia kwa kuuma shuka, kisha akanawa uso akarudi kazini. Hakutaka sifa za watu. Alitaka neno moja tu kutoka kwa mtu mmoja tu, kwa maandishi.

Kilichouma zaidi ni kwamba Kaka Mabango alikuwa na ruhusa. Aliipata, ndevu zikiwa ndiyo kwanza zinachomoza. Mzee alikuwa na furaha ya mtoto wa kwanza, wa kiume, akaharakisha. Ruhusa haijazoeleka ukutani, kijana akanunua mashine. "Baba," alisema, "hii inatoa Bismillahi mia wewe hujamaliza kuchonga kalamu." Mzee hakumgombeza. Alitoka, akaenda kukaa uani, akaja kula siku ya pili. Tangu siku ile akajiapia kwamba ruhusa ya haraka haitatoka tena mkononi mwake. Kaka ndiye aliyekosa, na mdogo wake ndiye aliyeadhibiwa. Karatasi yenyewe ikawa imetundikwa dukani, nyuma ya kaunta, kati ya kalenda na feni.

Ugonjwa ulianza kwa vituko vya kuchekesha. Asubuhi moja mzee alichovya kalamu kwenye chai, akainua kidau akanywa wino. "Chai ya leo chungu," akasema, midomo myeusi ti. Kaka Mabango, ambaye alikuwa amepita kuwasalimu, alicheka mpaka akashika ukuta. Kitinda naye alicheka mpaka machozi. Alipoyafuta ndipo alipoona kwamba baba hacheki. Alikuwa amekishika kidau kwa mikono miwili, akiwatazama watoto wake mmoja mmoja, kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake.

Baadaye akawa anamuulizia mama. "Mama yenu mbona kachelewa hivi?" Kifungo cha shati kikawa kinamshinda. Mkono ulitetemeka wakati wote, isipokuwa, ajabu ya Mungu, ukishika kalamu. Hapo ulitulia kidogo, kama mtoto aliyepewa nyonyo.

Walimpeleka kwa daktari. Daktari alikuwa mama mpole, hakuzunguka mbuyu. "Atakuwa anakuja na kuondoka," alisema. "Asubuhi asubuhi mtakuwa naye zaidi. Halafu hizo asubuhi zenyewe zitapungua. Akikosea msibishane naye, mtamtia hofu bure."

Kitinda alimshika baba mkono wakatembea pole pole kurudi nyumbani. Na jambo la kwanza lililomjia kichwani halikuwa "pole, baba yangu." Lilikuwa "ruhusa yangu." Alijiona mtu mbaya kuliko wote waliokuwa njiani. Akaukaza mkono wa baba, akamuuliza kama amechoka.

Wiki ile ile aliitoa ukutani sebuleni Bismillahi ya baba, ile iliyokaa juu ya kiti chake miaka yote. Mzee aliiandika mwaka aliooa, mkono ukiwa kwenye kilele chake, na mwenyewe alikuwa akisema kwamba hiyo peke yake ndiyo haimtii aibu. Kitinda akaiegemeza mbele yake chumbani, akakaa chini kuinakili. Ikawa ni mbio: yeye na ile asubuhi ya mwisho, nani atamfikia mzee mwanzo.

Ya kwanza aliipeleka mzee akiwa amekaa vizuri, amekunywa chai, amemwita kwa jina. Akaitazama. "Nuni ina njaa," akasema. "Mtazame tumbo lake, limeingia ndani. Mlishe." Mtu huyu alikuwa amesahau kama amekula asubuhi ile! Lakini tumbo la nuni alilijua. Kitinda akaichukua karatasi, akaenda kuangalia, na kweli, nuni ilikuwa na njaa, kwa kadiri ya unywele.

Ya pili ilikuwa sini. "Meno yamepishana. Mtu akicheka hivi watoto watakimbia." Akaichukua tena. Hakubisha. Unabisha nini, na mzee kasema kweli?

Akazama kwenye kazi kama mtu anayechimba kisima. Kupika alipika, kumwogesha baba alimwogesha, kumbembeleza akilia alimbembeleza, lakini mikono ikipata upenyo tu inashika kalamu. Ikafika siku akagundua kwamba amemaliza mstari mzima hajala kosa hata moja. Aliingia kujitazama kwenye kioo. Ulimi ulikuwa mwekundu, safi kabisa. Akajichekea peke yake.

Kesho yake alimpelekea baba chai dirishani. Mzee akaipokea kwa heshima kubwa.

"Ahsante sana, mama. Wewe ndiye jirani mpya?"

Kitinda akakumbuka maneno ya daktari, akavuta kiti, akakaa. "Ndiyo, mzee. Mimi jirani."

"Karibu. Hapa pana amani. Una watoto?"

"Sikujaaliwa."

"Usijali. Mimi ninao wawili. Yule mkubwa ana akili nyingi, amekwenda na mashine." Akanywa chai, akafuta mdomo kwa kiganja. "Mdogo ni wa kike. Mbishi huyo! Lakini nikwambie kitu, jirani?" Akamsogelea, akashusha sauti. "Mkono wake umenipita. Siku nyingi tu. Naona kazi zake, nakwenda kujifungia, namshukuru Mungu nalia."

Kitinda akauliza: "Umeshamwambia mwenyewe?"

"Wee! Nimwambie? Nilimwambia yule wa kwanza, akaacha. Huyu nikimwambia naye ataacha, nibaki na nani mimi?"

"Hataacha, mzee. Mwandikie ruhusa yake. Mwandikie leo."

"Aje mwenyewe. Ruhusa haitumwi jirani."

Hapo Kitinda akasahau daktari, akasahau kila kitu. Akapiga magoti mbele ya kiti, akamshika mikono yote miwili. "Baba, ni mimi. Nitazame. Kitinda wako huyu. Nimekuja mwenyewe."

Mzee alimtazama kwa huruma, vile unavyomtazama mtu aliyefiwa. "Hapana, mama. Binti yangu bado mdogo. Tena yule humkosi, ulimi wake mweusi saa zote."

Na Kitinda, mtu mzima na mvi zake, akautoa ulimi.

Mzee akauchungulia kama zamani, akaugeukia mwanga, akatikisa kichwa. "Huu ni safi," akasema pole pole. "Huu si wake."

Sijui wewe ungefanya nini. Yeye aliinuka, akachukua kikombe, akaenda kukiosha. Alikiosha mpaka maji yakaisha kwenye ndoo.

Asubuhi zilizofuata hazikuwa nyingi za kuchagua. Mzee alianza kulala mchana kutwa, na akiamka anaulizia watu waliokufa. Kitinda alishamaliza. Bismillahi ilikuwa kwenye ubao wake, imefunikwa kitambaa, na chini yake ile nafasi tupu. Alikuwa amejitenga nayo kwa hofu. Akiipeleka mzee akiwa hayupo, itakuwa kama siku ile ya jirani. Akingoja sana, hatakuwepo tena.

Kisha siku moja jua halijapanda vizuri, akasikia sauti kutoka chumbani, sauti ile yenyewe, ya kugomba. "Kitinda! We Kitinda! Nani kanifungia dirisha? Nitaonaje?"

Alikimbia bila viatu. Mzee alikuwa amekaa kitandani, macho yamemtulia, baba yake mzima mzima. "Unashangaa nini? Nisaidie niamke. Siku zote hizi tumelala tu, kazi itajifanya?"

Akampigia simu kaka yake. "Njoo. Njoo sasa hivi, baba kaamka." Kaka Mabango akafunga duka bila hata kuzima mashine, akaja mbio, shati limevaliwa ndani nje. Wakamkalisha baba kwenye meza fupi, mito miwili nyuma ya mgongo. Kitinda akachonga kalamu mpya, akakoroga wino, akaweka karatasi mbele yake, akaondoa kitambaa. Akarudi nyuma akasimama karibu na kaka yake. Wakashikana mikono kama watoto walioitwa na mwalimu mkuu.

Mzee akaitazama.

Hakukunja uso. Akachukua kalamu kavu, akaanza kupima hewani, nukta kwa nukta, midomo ikimchezacheza: tumbo la nuni, meno ya sini, mkia wa mimu. Akarudia. Halafu akaweka kalamu chini, na machozi yakamtiririka mpaka kwenye ndevu.

"Vizuri," akasema. "Vizuri sana."

Kaka Mabango akaachia pumzi kwa kishindo. Kitinda akalirudia moyoni. Miaka yote ile, na neno lenyewe kumbe ni dogo namna hii.

"Nipe wino," mzee akasema.

Akachovya. Akagusa ukingo wa kidau ili wino usizidi. Mkono, ambao tangu jana ulikuwa haushiki kijiko, ukashuka kwenye ile nafasi tupu, ukatulia. Kitinda alikuwa upande wa pili wa meza, akiyasoma maandishi kichwa chini miguu juu. Neno la kwanza likatoka: *Ameiandika*. Akajisemea, ah, basi anaandika kwa namna yake, ameiandika binti yangu, nami nimemruhusu. Kalamu ikaendelea. Likatoka jina. Lilikuwa jina la baba yake. Kisha mwaka, na mwaka wenyewe ulikuwa ule aliooa.

Mzee akapuliza wino kidogo, akaegemea mito, uso unang'aa kwa raha. "Sijui ilikuwaje nikasahau kuitia jina miaka yote hii," akasema. "Mama yenu alinikumbusha juzi." Akamgeukia binti yake, akamwona, akamjua. "Kitinda, mwanangu. Umeiona hiyo nuni? Hiyo ndiyo nuni niliyokuwa nakuambia. Nenda kaandike moja kama hii, na siku hiyo hiyo nakupa ruhusa."

"Futa!" Kaka Mabango ndiye aliyepasuka. "Futa, Kitinda, wino bado mbichi! Baba, hiyo si yako! Kaandika yeye! Yako hii hapa!" Akairukia ile ya zamani iliyokuwa imeegemezwa ukutani, akaisimamisha mezani kando ya nyingine. "Ona! Hii yako, hii yake. Baba, tazama!"

Mzee akatazama moja. Akatazama ya pili. Akarudi kwenye ya kwanza. Ile raha ikaanza kumtoka usoni. "Mbili," akasema. "Niliandika mbili? Hii... hii ipi..." Mkono ukaanza kutetemeka, ukafika kwenye bega. "Mama yenu yuko wapi? Mwiteni mama yenu, yeye anajua."

"Futa, nakwambia! Unakauka!"

Kitinda alishapiga magoti. Uso wake ulikuwa juu ya karatasi, karibu kiasi cha kunusa masizi na gundi. Wino ulikuwa bado unang'aa. Ncha ya ulimi ilishatoka. Mguso mmoja tu, pangebaki peupe tena, na kesho, au kesho kutwa, Mungu akipenda, pengine...

Akaliona jina. Lilikuwa limesimama sawasawa, kila nukta mahali pake, limeandikwa na mkono usioweza kufunga kifungo. Alikuwa hajawahi kuliona zuri vile. Makosa alikuwa ameyala maisha yake yote, ya kila aina, bila kinyaa. Lakini hili halikuwa kosa la herufi, lilikuwa ni baba yake mzima. Alile, alimeze, na mwenye jina amekaa hapo anamtazama kwa hofu, hajui amekosa nini?

Akaurudisha ulimi. Akainuka, akaichukua ile kazi ya zamani mikononi mwa kaka yake, akaigeuzia ukutani.

"Nimeiona, baba," akasema. "Nuni imeshiba."

"Umeiona, eh?"

"Nimeiona. Haina njaa hata kidogo."

Mzee akashusha pumzi. Mtetemeko ukarudi mkononi, ukabaki pale pale mkononi. "Mimi nilijua utaiona tu. Huyu kaka yako hana macho, mwache na mashine zake." Akatabasamu. "Haya, toa ulimi."

Kitinda akautoa, machozi yanamwingia mdomoni.

"Ni safi!" mzee akashangaa, akacheka kile kicheko chake cha zamani. "Leo hujakosea hata mara moja."

Kaka Mabango alitoka nje. Walimsikia uani anapiga ukuta kwa ngumi. Wino ukakauka.

Mzee hakuamka tena akiwa yeye. Alikaa muda kidogo, akimwita Kitinda jirani, akimshukuru kwa wema wake, kisha akaondoka akiwa usingizini, kwa adabu, kama mgeni asiyetaka kupitiliza nukta.

Watu wa msikiti walikuja kuomba kazi yake moja waitundike, na ile ya zamani ilikuwa na jina la mama nyuma yake, zawadi ya harusi, haikuweza kutoka nyumbani. Wakapewa ile nyingine. Ikatundikwa mahali pa mwanga. Siku ya kuitundika, mwenyekiti wa msikiti, mtu mwema mwenye machozi ya karibu, alisimama chini yake na mikono nyuma. Alisikia kwamba mzee aliitia jina siku zake za mwisho.

"Mgonjwa vile, na kazi hivi! Mwaka tu ndio aliukosea, masikini," alisema. "Tazameni mkono huu. Wallahi, huyu hatapatikana mwingine. Kazi hii imekufa naye." Akamgeukia Kitinda kwa upole. "Na wewe, mwanangu, hukujifunza japo kidogo kwa mzee?"

Kaka Mabango akafungua mdomo. Kitinda akamkanyaga mguu, akamkanyaga kweli kweli.

"Kidogo," akasema.

Jioni yake kaka alikuja nyumbani na kitu kimefungwa gazeti. Akakiweka mezani chumba cha kazi. Ilikuwa ruhusa yake, ameitoa nyuma ya kaunta, kioo kina vumbi la miaka na alama ya waya wa feni.

"Chukua," akasema. "Mimi naionea haya. Mdogo wangu, ningeweza kuufuta huu wino wa jina langu hata kwa kisu, nikaandika jina lako..."

"Umekauka, kaka."

"Basi nikuandikie mimi! Si ninayo? Mwenye ruhusa anaweza kutoa ruhusa."

"Uliwahi kunifundisha nini wewe?"

Akafikiri. "Kuendesha baiskeli," akasema, na wote wawili wakacheka vibaya, kicheko kikageuka kilio, akamshika mdogo wake kichwani kama alivyokuwa akifanya utotoni, wakalia mpaka wakachoka. Kisha akaibeba ruhusa yake akaenda zake. Alisahau gazeti.

Kitinda akabaki. Dirisha la kushoto lilikuwa bado lina mwanga kidogo. Alichukua karatasi kutoka kwenye kamba, akaisugua kwa jiwe. Akachonga kalamu. Akaandika Bismillahi, bila kitu cha kunakili, kwa kichwa chake mwenyewe, na nuni ikatoka imeshiba. Alipofika chini aliweka kalamu pembeni. Mkono wenyewe ulikuwa umeshapima na kuacha pale nafasi tupu, upana ule ule wa siku zote.

Aliitazama kwa muda. Sasa hakukuwa na mtu duniani wa kuandika pale. Akaianika karatasi kwenye kamba hivyo hivyo, akaenda kuosha kalamu.